Muziki wa Bonde la Ukungu

Kavindu alibakiwa na Jumapili moja tu. Phares Obonyo alimwambia hivyo bila ukali, huku akikusanya karatasi zake mezani, na kwa kuwa hakuwa mkali Kavindu alijua kwamba hangebadili nia. Muziki ukiharibu mchezo tena wiki ijayo, wangecheza bila muziki. Mchezo usio na muziki haukuwa na haja ya mtu wa kuuchagua. Kwa hiyo Kavindu angechagua moja kati ya mawili: awe msafiri kama wenzake na aseme kwa sauti ya msafiri wake, au amwachie kiti Nzivo, binamu ya Mwanzia wa kule Huruma, ambaye alikuwa akiomba nafasi tangu Pasaka. Viti vilikuwa vinne, na meza haikuruhusu cha tano.

Mchezo wenyewe ulitoka katika kitabu kisicho na jalada, ambacho Phares alikiokota miaka miwili nyuma, mwaka 1994, kwenye vitabu kuukuu vilivyotandazwa kando ya njia. Haukuwa na ubao. Mtu mmoja, msimulizi, aliieleza nchi ambayo haipo: milima yake, hali yake ya hewa, wanyama wake na watu wake wabaya. Waliobaki walikuwa wasafiri katika nchi hiyo. Kila mmoja alisema msafiri wake anafanya nini, kisha dadu ikaamua kama amefaulu. Kitabu kilitaka dadu ya pande ishirini. Nairobi nzima haikuwa nayo, au kama ilikuwa nayo haikuwa katika mtaa wao wa Makongeni. Mwanzia, ambaye kazi yake ilikuwa kuchongea watalii vifaru na twiga, aliichonga kwa kipande cha mti wa muhugu kilichobaki karakanani. Dadu ile iliipenda saba kupita kiasi. Kila mtu alijua, na hakuna aliyelalamika.

Walicheza kila Jumapili saa nane, baada ya kanisa, katika nyumba ya reli aliyopewa Phares kama karani. Sebule ilikuwa ndogo. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, na pazia la manjano liliigeuza nuru ya mchana kuwa rangi ya chai ya maziwa. Nyuma ya pazia jingine lilikuwa jiko, na jikoni alikuwa mama yake Phares, mjane aliyekuja kutoka Ugenya kumtazama mwanawe kwa wiki mbili na sasa alikuwa amemaliza mwaka wa tatu. Msafiri mmoja alikuwa wa Mwanzia. Mwingine alikuwa wa Winny, binamu ya Phares, aliyefanya kazi halmashauri ya jiji na kucheka kwa mabega.

Kavindu hakuwa na msafiri. Mwaka wa kwanza alijaribu kuwa shujaa mwenye upanga. Alipokutana na zimwi alilisalimu, akaliomba radhi kwa kupita kwake, kisha akasubiri ruhusa. Mwanzia alicheka mpaka akatoka nje. Kavindu alipiga taipu katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, na kwa siku nzima maneno yalipita mikononi mwake bila kuwa yake. Kuyatoa kinywani kana kwamba ni ya mtu mwingine kulimshinda. Ndipo Phares akamkabidhi redio kaseti na kusema, wewe tutilie muziki.

Kuanzia siku hiyo Kavindu aliiona ile nchi kuliko wote. Kanda ikiwa sawa, kuta za nyumba zilirudi nyuma taratibu. Vitambaa vya makochi viligeuka theluji juu ya mawe. Mlio wa mabehewa yakiunganishwa huko relini ulikuwa ngurumo ya mbali, na harufu ya sabuni aliyokuja nayo katika nguo zake ilikuwa harufu ya maua ambayo hayajapewa jina. Alikaa kando ya meza, kidole kwenye kitufe, akasafiri bila kutamka neno. Kumpokonya kiti kile kulikuwa kumfungia nchi nzima.

Makosa yake ya karibuni hayakuwa ya uzembe. Aliweka rumba, na msafiri wa Mwanzia, akiwa ameviringishwa na joka kifuani, alianza kugonga mguu sakafuni. Wiki iliyofuata aliweka kwaya, kwa sababu wasafiri walikuwa wameingia hekaluni. Mama Phares aliidaka sauti ya pili kutoka jikoni, akaimba beti zote tano, na hekalu likawa kanisa lao la kila siku. Mara ya tatu aliweka magitaa ya Ukambani. Mwanzia aliviacha vita katikati ili awaeleze wenzake ubeti wa tatu ulimsema mwanamume gani, na mke wake alifanya nini aliposikia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvua kifuniko cha mashine yake ya taipu, Kavindu aliandika kanuni tatu katika daftari lake la hati mkato. Muziki usiwe na maneno. Usichezeke. Usiwe wa kanisani. Chini yake aliandika mahali utakapotumika. Phares alikuwa ameshawaambia: Jumapili wasafiri watafika Bonde la Ukungu, mahali wanapokaa wenzao walioanguka njiani. Wasipoagana nao, njia haiendelei.

Jioni hiyo alizunguka kwenye vibanda vya kanda. Kila muuzaji alimuuliza mwimbaji gani. Alijibu kwamba hataki mwimbaji. Mmoja alifikiri kidogo, kisha akamuuzia kanda tupu.

Jumanne alirekodi mitambo ya kiwanda kupitia dirishani, akitumaini kupata mvumo wa bonde. Aliposikiliza nyumbani, ilikuwa kama mtu anayekaanga samaki.

Jumatano mvua ilinyesha saa sita na nusu, na Kavindu, ambaye siku zote alitoka kwenda kula, alibaki ofisini. Mbithe wa masijala aliweka redio juu ya kabati la faili. Saa saba kamili zikasikika sauti nne za kinanda, zikishuka polepole.

Kavindu alizijua sauti hizo nne. Hakuwa amewahi kuisikia ya tano. Baba yake, Kimeu, dereva mstaafu, alikuwa akiizima redio papo hapo, kila siku, tangu mwaka ule Kavindu alipokuwa na miaka sita na jina la mama yake likasomwa hewani. Hakueleza kitu. Mkono wake uliinuka tu, ukakizungusha kitufe, ukarudi kwenye sahani. Kavindu alikua na muziki wenye sauti nne. Akipiga pasi aliumalizia mwenyewe kichwani, kila siku kwa namna nyingine, kama mtu anayechora nyuma ya mlima ambao hajawahi kuupanda.

Sasa ilikuja ya tano, na ya sita. Kinanda kiliungana na nyuzi, na zile nyuzi hazikuwa na haraka ya kufika popote. Zilitanda, zikakusanyika, zikatanda tena. Hazikuwa na maneno. Hazikuchezeka. Kanisani hakuwahi kuzisikia. Mbithe aliacha kutafuna. Mativo, dereva wa kampuni, aliyekuwa akipita na bahasha, alisimama mlangoni na kuvua kofia. Kavindu aliwatazama, akafurahi moyoni kwamba nao wameguswa na uzuri ule. Kisha mtangazaji akavuta pumzi, na Kavindu akatoka hadi ujiani kusubiri yapite, kama alivyofundishwa na mkono wa baba yake. Alijua kwamba yanayofuata ni matangazo ya vifo. Kila mtu alijua. Lakini hakuwahi kuketi akayasubiri, na hakujua muziki ule huwafanya nini wanaoyasubiri.

Alhamisi na Ijumaa aliurekodi, kidole kikisimamisha kanda kabla ya ile pumzi. Muziki ulidumu sekunde arobaini. Mativo alikuwa na redio ya kanda mbili, na Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa dereva huyo, mke wake akimpitishia chai, Kavindu aliunakili muziki ule mara arobaini na tano, mwisho wa mmoja ukishikana na mwanzo wa mwingine, mpaka upande mzima wa kanda ukajaa. Mke wa Mativo alitoka mara mbili kwenda kusimama nje. Kavindu alidhani ni joto.

Jumapili, Phares alianza kwa sauti ya chini. Aliwaambia kwamba mlima umewaishia mgongoni. Mbele yao hakuna njia, kuna weupe. Ardhi ni laini kama kitu kilicholala. Mtu akiunyosha mkono wake, anaiona ncha ya kiwiko na vidole havionekani. Mahali fulani katika weupe huo kuna watu wanaowajua.

Kavindu alibonyeza kitufe.

Sauti nne zilishuka, na ya tano ikafuata. Sentensi ya Phares ilipungua mwendo, ikasimama. Mkono wa Winny, uliokuwa ukiielekea dadu, ulibaki juu ya meza. Mwanzia aliinamisha kichwa. Hakuna mguu uliogonga wala mdomo uliofuatisha. Weupe uliingia sebuleni kupitia pazia la manjano, ukajaa kati ya makochi, na Kavindu akajiambia kwamba amefaulu.

Pazia la jikoni likafunguka. Mama Phares alitoka na daftari la shule lililokunjwa katikati, na kalamu ya risasi. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye vifundo.

"Nyamazeni," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Aliketi kwenye ukingo wa kochi, akalifungua daftari juu ya goti. Kavindu aliona kurasa zimejaa majina, kila jina na kijiji chake. "Leo wamechelewa. Basi ni wengi."

Muziki ulifika mahali pa ile pumzi. Wote wanne waliinua vichwa kidogo, kwa pamoja. Pumzi haikuja. Zile sauti nne zilianza upya.

Walisubiri. Midomo ya Winny ilikuwa ikihesabu watu. Kwa mwendo wa midomo hiyo Kavindu alitambua kaka, kisha shangazi, kisha mtu mwingine mwenye jina refu. Mwanzia aliitazama meza kama mtu anayesubiri kuitwa. Muziki ukafika tena penye pumzi, ukapita. Ndipo Kavindu alipofahamu alichokifanya. Alikuwa amechukua mlango ambao watu husimama mbele yake wakiwa wamebana pumzi, akiwaza kila mmoja ni nani wa kwake, akaunakili mara arobaini na tano, na hakuweka kitu nyuma yake. Na yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa akisubiri pamoja nao.

Mara ya tatu Phares aligeuka, akaitazama redio na kuyaona magurudumu ya kanda yakizunguka.

"Kavindu," alisema. "Hiyo ni kanda?"

"Ni kanda."

"Umerekodi matangazo ya vifo."

"Muziki tu. Sikurekodi majina."

"Wee Kavi," alisema Mwanzia polepole. "Bila majina?"

"Hiyo ni mbaya zaidi," alisema Winny.

Phares hakugomba. Aliinuka tu na kuunyosha mkono kwenye kitufe, na Kavindu aliuona mkono ule ukija, akajua kwamba ukifika mchezo wake umekwisha. Mama Phares aliweka mkono wake wenye unga juu ya mkono wa mwanawe.

"Usizime. Huo hauzimwi katikati."

"Mama, ni kanda. Hakuna aliyekufa."

"Wewe umejuaje, na hapajasomwa kitu?" Alimgeukia Kavindu. Alimwita nyar Ukambani, yaani binti wa Ukambani, kama alivyomwita siku zote, lakini leo hapakuwa na utani. "Nyar Ukambani, umetuketisha. Soma."

Kavindu alilifungua daftari lake la hati mkato kwa sababu mikono yake ilihitaji kushika kitu. Kabla ya zile kanuni tatu kulikuwa na kumbukumbu za safari yote, miaka miwili, alizokuwa akiziandika kwa mazoea ya kazi: nani alikwenda wapi, dadu ilisema nini, nani hakurudi. Aliziangalia. Alisubiri muziki upite ile pumzi, akavuta ya kwake.

"Tunasikitika kutangaza," alisema, "kifo cha Dumu, mhunzi, kilichotokea ghafla kwenye daraja la kamba."

Hakuwa akijifanya mtu, alikuwa akisoma. Barua elfu ngapi zilikuwa zimepita mikononi mwake zikiwa na mwanzo wake, kati yake na mwisho wake, na hakuna hata moja iliyomtaka awe shujaa.

"Wa nani?" aliuliza Mama Phares, kalamu ikiwa tayari. "Mtu hatoki hewani."

Kavindu aliwaza kidogo tu. "Alikuwa mwana wa marehemu Tindo, mfua majembe, na ndugu yake Mwanzia wa Makongeni. Mazishi yatafanyika chini ya daraja hilo, mto ukipungua."

Mwanzia alikuwa ameinua kichwa. Dumu alikuwa msafiri wake wa kwanza, na alikuwa amemuua kwa kurusha dadu vibaya.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Sela, mganga wa homa, kilichotokea baada ya kuugua homa kwa muda mfupi. Alikuwa mtoto wa pekee. Ameacha chupa kumi na mbili, mtoto wa simba aliyemlea, na rafiki yake Winny wa halmashauri. Jamaa na marafiki wanakutana kila jioni penye mwamba mwekundu."

"Penye mwamba mwekundu," alirudia Mama Phares, akiandika.

"Na tunasikitika kutangaza kifo cha Kibiriti, aliyebeba mizigo yote tangu siku ya kwanza bila kusemwa katika hadithi yoyote. Aliwapitisha wenzake ukingoni mwa jabali, akateleza yeye. Mazishi yatafanyika Jumapili ijayo, saa nane mchana. Walio mbali na wajulishwe."

Muziki uliendelea kutanda na kukusanyika, lakini sasa ulikuwa na mahali pa kufikia. Phares alirudi kitini bila kuvuta kiti. Alipoanza kusema, hakuna aliyejua ni wakati gani hasa alianza. Sauti yake ilitoka ndani ya nyuzi. Alisema kwamba ukungu umefunguka kiasi cha mlango. Wamesimama watatu pale: mwanamume mwenye nyundo, mwanamke mwenye chupa, na punda. Wamesikia wakitajwa. Wanawaangalia.

Hakuna aliyeigusa dadu. Mwanzia aliinuka, mtu mkubwa mwenye vumbi la mbao katika nyusi, akasema akiwaangalia wale watatu, ambao Kavindu naye aliwaona wazi mbele ya kabati la vyombo:

"Dumu, ndugu yangu. Ni mimi niliyerusha. Nilitaka kujionyesha kwa Winny."

"Nilijua," alisema Winny, na mabega yake yakatikisika, na safari hii haikujulikana kama ni kicheko.

Waliagana nao kwa muda mrefu. Winny alimrudishia Sela chupa moja aliyokuwa ameificha. Phares aliwajibia wafu kwa maneno machache, na punda hakujibu kitu, akaweka shavu tu begani mwa kila mmoja. Nuru ya pazia ilishuka kutoka maziwa hadi asali. Kavindu alikuwa ameusogeza uso wake mezani bila kujua, na alipotaka kumwambia Kibiriti asante, alimwambia, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya ofisini.

Kanda ilifika mwisho na kitufe kikajiinua chenyewe. Walisikia chombo kikichemka jikoni na watoto wakiitana nje kwenye mstari wa nyumba.

"Huyu Kibiriti," alisema Mama Phares hatimaye, akiusoma ukurasa wake, "ukoo wake hukuutaja."

"Alikuwa punda, Mama," alisema Phares.

Mama Phares alilitazama daftari. Kibiriti alikuwa ameandikwa chini ya mzee mmoja wa Ugenya na juu ya nafasi tupu. Alishika kalamu kana kwamba atamfuta, akaacha.

"Punda aliyebeba mizigo yote," alisema. "Haya. Lakini mmetangaza mazishi, siku na saa. Mazishi yakishatangazwa yanafanyika. Nitapika chai ya watu wangapi?"

Phares alitazama karatasi zake. Sura iliyofuata ilikuwa imeandikwa tayari, jiji lenye minara saba, na alikuwa ameifanyia kazi mwezi mzima. Aliikunja na kuiweka chini ya nyingine.

"Mwambie Nzivo aje na kigoda chake," alimwambia Mwanzia. "Tutabanana. Na wewe Kavindu, kanda hii usiiweke tena kama hakuna wa kusoma."

"Nitasoma," alisema Kavindu.

Mama Phares alikwisha kusimama, lakini hakuenda jikoni. Alisema kwamba mazishi hayaendi kimyakimya, hata ya mnyama, na akauliza wataimba nini. Winny akataja wimbo mmoja, na Mwanzia akasema huo ni wa harusi. Wote watatu wakamgeukia Kavindu.

Alilichukua daftari lake, akafungua ukurasa safi, akaandika juu yake kwa mkono uliotulia: Mazishi ya Kibiriti. Kisha akainua kichwa.

"Kabla sijachagua," alisema, "Kibiriti alikuwa wa kanisa gani?"

Wakaanza kujibu wote kwa pamoja, Mama Phares kwa sauti ya juu kuliko wote, na Kavindu akasubiri na kalamu yake mpaka watakapokubaliana.